Ukili Mmoja Mweusi

Hapo zamani, enzi ambazo hata rangi ya mkeka ilikuwa na mwenyewe, palikuwa na mji wa wasuka mikeka, na liwali wake alikuwa na muhuri. Ukivumbua kitu kipya, mpiga mbiu anakitangaza sokoni. Ijumaa ikipita asitokee mtu wa kusema "mimi nilishakifanya," unapigiwa muhuri, nacho ni chako peke yako.

Miza alikuwa mjane wa sufuria moja. Miaka mitatu alipika ukindu kwa mizizi ya mdaa akitafuta weusi usiochujuka, mpaka akaupata. Bila muhuri, wenye masufuria kumi wangemmeza. Akamwendea karani Vuai. "Andika: mdaa na majivu."

Mbiu ikalia. Bi. Mwanakombo, kikongwe wa mtaa wa pili, akaja na mkeka wake wa arusi kwapani. "Mdaa na majivu? Mwanangu, nimepika hivyo kabla mama yako hajavunja ungo!" Mkeka ukakunjuliwa. Ulikuwa umechujuka hadi rangi ya chai ya maziwa, lakini mdaa ni mdaa. Liwali akatikisa kichwa.

"Dai lako pana mno, limemkumba bibi wa watu," Vuai akanong'ona. "Tulipunguze." Akaandika: mdaa na majivu ya makumbi ya nazi.

Mbiu ikalia. Bibi akarudi. "Majivu yangu yalikuwa ya jikoni. Kuni zimo, makumbi yamo."

Vuai akapunguza tena: makumbi matupu, vibaba vitatu kwa saba vya mdaa. Miza roho ilimuuma. Alikuja na shamba zima, sasa amebakiwa na tuta.

Mbiu ikalia. Ijumaa ikapita, kimya. Liwali akachovya muhuri katika wino. Bibi, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka wake kusikiliza, alikuwa anaukunja aende zake, na hapo liwali akauona ukili mmoja, utepe wa msuko ulioshonewa pembeni, mweusi ti.

"Bibi, huu mbona haukuchujuka?"

"Ah, huo! Siku ile kuni ziliniishia, nikachoma makumbi tu. Kupima sikupima. Ulikataa kufanana na wenzake, nikajua nimeuharibu, nikauficha pembeni."

Sokoni watu wakacheka. Miza hakucheka.

"Bibi ameukalia miaka arobaini asijue," akasema, akivinyoosha vidole vyake. "Mimi nimeungua vidole hivi nikaujua, na kesho nitaupika tena. Yeye ataweza?"

"Siwezi," akasema Bi. Mwanakombo. "Kujua ni kwako, mwanangu, sikatai. Lakini mkeka huo hapo. Kilichokuwapo kinakuwaje kipya?"

Karani Vuai akakohoa. "Na mimi, jamani? Mdaa ni wa porini, makumbi ni ya jalalani. Bila kalamu yangu huyu angekuwa amerudi kwake siku ya kwanza. Upya wote umo katika maneno yangu."

Liwali akamtazama huyu, akamtazama yule, muhuri uko juu, mpaka wino ukamkaukia.

Haya, nyinyi mlioketi juu ya mikeka msiyojua ilipikwa na nini: muhuri ule ungemshukia nani?