Pengo Lako Uani

"Pengo lako uani, kilio kwa jirani."

Mzee Mwaluko aliyasema hayo alipomwona kijana mmoja akiiruka bila kuiziba sehemu yake ya ua wa zizi kwa kuchoshwa na miiba. Vijana wakacheka, wakamuuliza msemo huo umetoka wapi. Mzee hakucheka. Aliwaambia waweke mashoka chini wamsikilize, kwa maana msemo huo unataja ua lakini haukuletwa na fisi aliyeingia zizini. Ulianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo, mifugo yote ililala zizi moja, na kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha ua cha kuziba kwa miiba. Hapo aliishi Sechelela. Msije mkamhukumu upesi. Hakuwa mwanamke mbaya. Palipokuwa na msiba au uzazi, yeye ndiye aliyetangulia kufika.

Mwaka huo surua ilienea nchi nzima, ikawa inazoa watoto. Wachanjaji walipofika kijijini, akina mama walipanga foleni na watoto wao. Sechelela alikwenda pia, lakini bintiye wa mwisho, Debora, alikuwa amemficha ndani ya kihenge cha nafaka. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amepata homa kali baada ya sindano, na moyo wake ulikataa kuiona tena. Isitoshe, alijiambia, watoto wote wakichanjwa, wangu ataambukizwa na nani?

Jirani yake Nyemo alikuwa na kichanga mgongoni, mtoto aliyempata baada ya kungoja miaka mingi. Nesi alimtazama akasema, "Huyu bado mdogo mno kwa chanjo. Kwa sasa ua wake ni hawa wenzake." Nyemo akatabasamu, akamgeukia Sechelela kwa furaha. Sechelela akatazama chini.

Ilikuwa desturi ya kijiji kwamba maziwa ya ng'ombe ya kumnywesha mama aliyejifungua hupelekwa na mtoto wa jirani, mdogo kuliko wote nyumbani, ili baraka iwafuate. Kila asubuhi Debora alibeba kibuyu kwa Nyemo, na kila asubuhi alikibusu kichanga kabla ya kurudi. Siku moja, baada ya kutoka mnadani na babaye, alianza kukohoa na macho yakawa mekundu. Sechelela akasema ni vumbi la kupepeta uwele, akamkabidhi kibuyu kama kawaida. Vipele vilipotokea, Debora alikuwa amekwisha kukibusu kichanga.

Debora aliugua sana, kisha akapona. Kichanga cha Nyemo hakikupona.

Baada ya mazishi, Nyemo alimwita Sechelela chumbani.

"Dada, Debora alichanjwa?"

Angeweza kudanganya, maana hakuna aliyejua. Lakini alimtazama Nyemo machoni.

"Hapana, mdogo wangu. Nilimficha kwenye kihenge."

"Nesi aliposema watoto wenu ndio ua wa mwanangu, ulikuwa umesimama ubavuni mwangu."

"Nilikuwepo. Nilidhani tawi langu moja likikosekana, pengo halitaonekana."

Nyemo hakumlaani. Heri angemlaani. Alikunja ile kanga ya kubebea mtoto, akaikunja tena, akasema taratibu, "Pengo lilikuwa uani kwako, dada. Kilio kimekuja kwangu."

Sechelela alilia kilio ambacho hakuna aliyeweza kukinyamazisha, kwani wake alikuwa hai na alikuwa akimwita nje aje ampe uji.

Wachanjaji waliporudi, alitangulia wote kumpeleka Debora, ingawa alikwisha kuugua, kisha akapita nyumba hadi nyumba akisimulia aibu yake mwenyewe, hadi hakubaki mtoto wa kufichwa. Surua ilirudi baadaye, ikaliza vijiji vya jirani. Hapo kwao ilimgusa mtoto mmoja mgeni, ikakosa pa kwenda, ikafa. Vichanga vyote vilikua. Nyemo alivipakata kimoja kimoja, akavirudisha kwa mama zao.

Mzee Mwaluko akaishia hapo. Yule kijana aliinuka bila kuambiwa, akakata tawi la miiba, akaliburuta hadi kwenye sehemu aliyoiruka. Mikono ilimtoka damu. Wenzake walimsaidia kulisukuma, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, wala hapakuwa na aliyecheka:

"Pengo lako uani, kilio kwa jirani."