Miti Iliyoshtakiwa kwa Kunywa Nje ya Zamu

"Mti hunywa chini, hunywesha juu." Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, nanyi mkacheka mkidhani katega kitendawili. Sogeeni basi. Maneno hayo yana kwao, na kwao ni hapa hapa milimani Upare, enzi za babu wa babu yangu. Chanzo chake ni hiki.

Wakati ule kijiji chetu kilimwagilia kutoka ndiva moja. Ndiva, kwa ninyi mliozaliwa mkakuta bomba uani, ni bwawa la udongo linalojazwa polepole na chemchemi, kisha huzibuliwa maji yakashuka kwa mfereji hadi mashambani. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Mgawaji alikuwa mzee Kajiru, ambaye hakuachana na kijiti chake cha kupimia kina cha maji. Upendeleo hakuujua. Siku moja mkewe mwenyewe alifungulia maji kabla ya zamu yake, naye akamtoza mbuzi kama mtu mwingine yeyote. Wazee walimla yule mbuzi kwa furaha, na Kajiru akala chakula baridi wiki nzima.

Mwisho kabisa wa mfereji palikuwa na shamba la Namkunda, mjane mwenye watoto wawili. Misimu miwili mfululizo maji yaliishia kwa jirani yake, na maharage yake yakakauka yangali na maua. Msimu wa tatu ukiwa hivyo hivyo, ingembidi ahame, ashuke tambarare kwa shemeji zake, awe mtu wa kupewa. Jambo hilo lilimuumiza sana Kajiru, maana mgawaji ambaye maji yake hayafiki mwisho bado hajagawa.

Akaanza kumtafuta mwizi. Juu ya ndiva palikuwa na miti mikubwa iliyoizunguka chemchemi. Kajiru alichukua kibofu cha ng'ombe kilichokaushwa, akalivika tawi lenye majani, akalifunga kwa kamba. Jua lilipofika utosini alikuta ndani yake maji ya kulowesha kiganja. Akahesabu majani ya tawi lile, akahesabu matawi, akatazama miti ilivyo mingi, akaketi chini. Miti ilikuwa ikinywa kuliko nyumba zote, na haikuwa na zamu.

Mtu mwingine angekata tu. Kajiru alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo aliishtaki. Ndiyo, aliishtaki miti mbele ya baraza la wazee wa maji, kibofu mkononi, kosa lake kunywa nje ya zamu. Wazee walisikiliza, wakahukumu ikatwe yote siku ya msaragambo, yaani siku ya kazi ya kijiji kizima. Kisha wakamgeukia Namkunda kumpongeza, kwani ni yeye angefaidika kuliko wote.

Namkunda alisimama. "Mzee Kajiru, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu."

"Hayo maji uliyoyafunga kwenye kibofu, siku ambazo hukuyafunga yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Yanapanda. Yanapotelea hewani."

"Mimi huenda pale kila asubuhi kukata majani ya mbuzi. Mwezi huu hatujaona mvua, ni ukungu tu. Lakini chini ya miti ile nalowa kuanzia kichwani hadi kiunoni, na nikipita kwenye nyasi nalowa nyayo tu. Sasa nani ananimwagia?"

Mzee mmoja akadakia, "Mama, yaani unawatetea wanaokuibia?"

"Shida ya maji naijua kuliko nyote mlioketi hapa," Namkunda akasema. "Ndiyo maana sitaki tukosee. Ukipima anachokunywa mtu, pima na anachotoa."

Maneno hayo yalimchoma Kajiru. Aliwahi kuambiwa ni mkali na kwamba ni mbishi, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba amepima nusu. Akaomba apewe siku tatu.

Jioni ile alitega vyungu saba chini ya miti na vingine saba kwenye nyasi. Asubuhi vile vya kwenye nyasi vilikuwa na unyevunyevu tu. Vya chini ya miti vilikuwa na maji ya vidole vinne. Ukungu uliopita juu ya nyasi ulikwenda zake, lakini uliopita mitini ulinaswa na majani ukadondoka. Akamwaga kibuyu cha maji kwenye udongo wa pale pale, yakazama kabla hajaushusha mkono. Akaenda mteremko wa pili, uliokatwa miti zamani kwa ajili ya malisho, akamwaga kibuyu kingine. Maji yakampita miguuni yakiteremka na udongo. Hapo ndipo alipojua maji ya Namkunda yanapopotelea, maana mvua ya mteremko ule haikuingia ardhini kusubiri kuilisha chemchemi kiangazi.

Siku ya msaragambo watu walifika na mashoka. Kajiru aliwaambia wayaweke chini wachukue majembe. "Nimeishtaki miti kwa kipimo nusu," alisema mbele ya wote. "Mbuzi wa faini ya kosa hilo nitamtoa mimi." Wakapanda mikuyu kwenye mteremko ule mtupu wote, na ikaamuliwa kwamba mpaka itakapokua, zamu zitaanzia mkiani mwa mfereji, kwa Namkunda. Maharage yake yalizaa msimu uleule. Hakuhama, na ninafurahi kila nikilitaja hilo, kwa sababu angehama nisingezaliwa, wala ninyi.

Miaka ikapita, mikuyu ikashika, na chemchemi ikanenepa. Kajiru naye akazeeka, macho yakazima. Kila msaragambo aliongozwa hadi kwenye jiwe kando ya mfereji, akapewa kibuyu cha kwanza cha uji. Siku moja mwanamume mmoja, jina lake nalificha kwa kuwa ni wa ukoo wetu, akanung'unika, "Hashiki hata jembe, ila uji anakunywa wa kwanza."

Mzee alisikia. Akakishusha kibuyu kabla hakijafika mdomoni.

Namkunda, kichwa chake kikiwa cheupe tayari, ndiye aliyekuwa akigawa uji. Hakugombeza mtu. Alimjazia mzee kibuyu hadi ukingoni na kumrudishia mikononi, akaelekeza kidole kwenye maji yaliyokuwa yakishuka tele kuelekea mkiani, kisha akamwambia yule bwana, "Mwanangu, mti hunywa chini, hunywesha juu."