Picha Iliyokatwa Pande Nne

Hapo zamani, enzi zile ukipigwa picha leo unaiona baada ya wiki mbili, milimani Upare palikuwa na familia ya Mzee Senkondo. Sikilizeni mpaka mwisho, maana nitawauliza, na sitaki mtu wa kuniambia "mimi sijui". Kutojua ndiko kulikoleta balaa lenyewe.

Mzee Senkondo alikuwa na mke na mabinti wawili. Mkubwa ni Namsifu, mwalimu. Mdogo ni Nanzia. Tena alikuwa na dada yake, Nakijwa. Mke wa mzee alipougua kifua akalazwa miaka mitatu mbali na nyumbani, nani aliwalea watoto? Nakijwa! Nanzia alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nakijwa akaliacha shamba lake la tangawizi limezwe na magugu, akambeba mtoto ambaye hakumzaa.

Miaka ikapita. Wazazi wakatimiza miaka arobaini ya ndoa, akaitwa Zuberi, mpiga picha wa sokoni. Watu wakapangwa mbele ya nyumba. Nakijwa akatoka jikoni, upawa mkononi, kanga imejaa masizi.

"Shangazi, njoo hapa kati," Nanzia akaita.

"Niacheni huku pembeni, nitawachafulia picha," akasema, akasimama hatua mbili mbali na wenzake.

Kaka yake alisikia. Akanyamaza. Zuberi akapiga.

Picha ikatoka. Namsifu akairudisha kwa Zuberi ikuzwe, itundikwe sebuleni.

"Niikuze hivi hivi, Mwalimu?"

"Hapana, itengeneze kwanza. Nataka wazazi wawe katikati, waonekane."

Zuberi akashika rula na penseli. Akapiga mstari juu. "Anga lote hili la nini? Limewafanya watu kama sisimizi."

Namsifu akasema, "Kata."

Akapiga mstari chini. "Na huu udongo, na hizi ndala?"

"Kata."

Akapiga mstari kushoto. "Huku kuna mbuzi, ametugeuzia makalio."

Namsifu akacheka. "Kata huyo!"

Zuberi akapima. "Sasa, Mwalimu, kushoto tumepunguza. Wazazi wakae katikati, lazima na kulia tupunguze vilevile." Akapiga mstari wa nne. Mstari ukapita kati ya Nanzia na Nakijwa.

Namsifu akasita. "Na huyu?"

"Huyu amejitenga. Akibaki, macho yote yatakimbilia kwake na upawa wake."

Namsifu akautazama mstari. Akautazama tena. Akasema, "Kata."

Mbuzi akakatwa, na shangazi akakatwa. Kipimo kimoja!

Mzee Senkondo akaletewa picha kabla haijatiwa fremu. Akaishika kwa mikono miwili, akaikagua, akasema, "Imependeza." Ikatundikwa. Nakijwa akaingia na chai, akatazama ukutani, akasema, "Imependeza." Akamimina chai. Mwaka mzima akamimina chai chini ya picha ile.

Nanzia akachumbiwa. Ikafika siku ya harusi. Katika ukoo ule, shangazi ndiye humshika mkono bibi harusi na kumtoa chumbani. Shangazi asipomtoa, hatoki. Wakwe wamejaa uani, kwaya imeimba mpaka imekaukiwa sauti, na Nakijwa yuko jikoni, amekalia kigoda.

"Wifi, inuka, watu wanangoja," mama wa bibi harusi akamwambia.

"Kazi hiyo ni ya shangazi. Nendeni sebuleni mkamtafute kwenye picha."

Neno hilo likafika uani. Zuberi, aliyekuja kupiga picha za harusi, akajitosa: "Mama, kumbe ni hilo tu? Kesho nakukuzia nyingine, nzima!"

"Picha utaikuza. Na mwaka wangu wa kujitafuta ukutani, utanirudishia? Leteni kibuyu cha radhi. Aliyenitoa akibebe, apige magoti mbele ya wakwe, aseme 'ni mimi'. Mmoja tu."

Sasa jueni, ukoo ule kibuyu cha radhi hakibebwi na watu wawili. Wakikibeba wawili, kila mmoja atasema kosa ni la mwenzake. Na anayekibeba hana kauli kwenye kikao cha ukoo mpaka mwaka uishe. Basi kibuyu kikawekwa chini, na kila mkono ukarudi nyuma.

Namsifu akasema, "Mimi niliomba picha itengenezwe, sikuomba Shangazi akatwe. Niliuliza, 'Na huyu?' Fundi ndiye aliyenijibu. Fundi akikwambia nguzo hii haifai, wewe utabishana naye?"

Zuberi akasema, "Mimi nilipiga mstari wa penseli, na penseli inafutika. Nilingoja neno, na neno lilitoka kwako, Mwalimu. Mtu kashika upawa, mimi nitajuaje kama ni shangazi au mpishi wa kukodi? Kweli, ningeweza kumkata mbuzi peke yake, wazazi wakae upande kidogo, picha isiharibike. Lakini nani aliniuliza?"

Namsifu akageuka. "Na baba? Baba aliiona kabla ya fremu. Angesema neno moja, isingetundikwa."

Mzee Senkondo akakohoa. "Mimi mambo ya picha siyajui. Nilidhani ndivyo zinavyotengenezwa."

"Kaka!" Nakijwa akafoka. "Mambo ya picha huyajui. Na mimi, hunijui?"

Mzee akainamisha kichwa. Ndipo mkewe akapaza sauti: "Wifi, nami niseme. Pembeni ulikwenda kwa miguu yako. 'Imependeza' ulisema kwa mdomo wako. Ukainyamazia mwaka mzima, ukaingojea siku ya mtoto uliyembeba mgongoni, asiye na kosa! Kibebe mwenyewe hicho kibuyu!"

Chumbani Nanzia akaanza kulia kwa sauti. Uani, mshenga wa wakwe akasimama, akavaa kofia yake, akawaambia watu wake wakusanye vitu.

Haya. Aliyesema "kata", aliyepiga mstari, aliyeona akanyamaza, na aliyejisogeza pembeni akasema imependeza. Msinijibu kwamba wote wamekosa. Hilo ni jibu la mwoga, na mshenga yuko mlangoni. Nitajieni jina moja. Je, nani alistahili kukibeba kibuyu?