Bwana Haskeli Avuka Mto

Zamani za utumwa, huko Kentaki, Marekani, Bwana Haskeli alimuuza mtumwa wake Hezekia kwa tajiri wa kusini, ingawa Hezekia alikuwa na mke. Asubuhi ya kumkabidhi, Hezekia hakuonekana. Mkewe, Dorkasi, alimjia bwana akilia kwa kwikwi.

"Kavuka mto, bwana! Kanikimbia, kafuata mwanamke mwingine!"

Ng'ambo ya mto hapakuwa na utumwa. Bwana alipandwa na hasira. "Unajua alikojificha?"

"Nikose kujua, na wivu huu? Lakini akikuona wewe atatoroka. Nikimwita mimi, atatoka mwenyewe."

"Basi panda garini, twende!"

Gari la farasi lilikuwa limeshajazwa majani makavu. Dorkasi alikaa juu yake, akamtukana mumewe njia nzima, na bwana akacheka mpaka kwenye pantoni. Walivuka.

Mbele ya kanisa moja, weusi kwa weupe walikuwa wakitoka kwenye ibada. "Simama hapa, bwana," Dorkasi alisema, kisha akapaza sauti. "Hezekia! Toka, mume wangu!"

Majani aliyokalia yakatikisika. Hezekia akaibuka akipiga chafya, akamkamata mkewe mkono, wakaruka chini na kujichanganya na waumini, nao waumini wakasimama bega kwa bega mbele ya bwana.

"Mwongo wewe!" bwana alifoka. "Ulisema kavuka mto!"

"Kwani hajavuka?" Dorkasi alijibu kutoka katikati ya watu. "Nilitangulia kusema tu, bwana. Na ahsante kwa kutuvusha."