Ngoma Iliyolala Mtoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakialikana harusi na kununiana wasipoalikwa, aliishi Kuchakuro, mdogo wa mwili, mwepesi wa maneno.

Kuchakuro alimpenda Nungunungu, mpiga ngoma. Alimpenda vibaya mno! Nungunungu akipiga, ndi! ndi! ndindindi!, hata Kobe alikatika kiuno. Basi Kuchakuro akaanza kutembea kwa maringo kama yeye, na kujichomeka vijiti mgongoni viwe miiba.

"Mwanangu," mama yake akamwambia, "unamwiga mgongo. Mikono je?"

Maneno hayo yakamwingia. Tangu hapo akawa anakwenda uani kwa Nungunungu kabla ya kila shughuli. Huko akaona jambo ambalo wachezaji hawakulijua. Fundi aliwasha majani makavu, akaisogeza ngoma motoni, akaigonga, akasikiliza, akairudisha tena, mpaka ngozi ikakaza. Kazi yenyewe ilichosha, wala haikuwa na shangwe.

"Fundi, nataka kuwa kama wewe."

"Basi lete majani makavu," akajibu Nungunungu, wala hakucheka.

Ikafika harusi ya binti wa Bwana Nyati. Kumbe Nungunungu kajichoma kwa mwiba wake mwenyewe, mkono umevimba. Mnacheka? Ngojeni.

"Kuchakuro atapiga badala yangu," akasema.

"Nani? Hiki kidudu?" Kiboko akanguruma. "Ngoma inataka mikono! Nitapiga mimi. Na atakayebisha nitamkalia."

Akaibeba ngoma, huyoo. Bwana Nyati akatazama chini, maana nani anataka kukaliwa? Kuchakuro aliumia sana. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kushika ngoma mbele za watu, na sasa nafasi imemponyoka. Akalia kidogo. Kisha akafuta machozi, akamfuata Kiboko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kubishana?"

"Aka! Nibishane na mikono kama hiyo? Nimekuja kukuonya tu. Fisi anapenda ngozi, hata iliyowambwa."

"Ale ngoma yangu? Thubutu!"

"Ndiyo hofu yangu, mjomba. Sijui kama kuna nyumba ambayo Fisi hawezi kuingia."

Kiboko akacheka, kho! kho! kho! "Mjinga wewe! Na kwangu mtoni je? Fisi ataogelea?"

"Lo! Akili hiyo mimi ningeipata wapi? Basi ilaze ubavuni kwako kabisa."

Ngoma ikalala mtoni, ubavuni kwa Kiboko.

Siku ya harusi Kiboko akaja na kilemba kikubwa, anatembea kwa maringo kumshinda Nungunungu. Akainua mikono yake minene, akapiga.

Pwata!

Bibi harusi akabaki mguu juu, hajui aushushe wapi. Kiboko akaongeza nguvu. Pwata! Pwata! Ngozi imelegea, inarusha maji usoni mwa wageni. Watu wakaangua kicheko.

"Imerogwa hii!" Kiboko akafoka. "Mwenye mikono kunishinda aje aipige!"

"Nijaribu, mjomba?" akauliza Kuchakuro.

"Jaribu! Tucheke zaidi."

Kuchakuro akaleta majani makavu, akawasha moto. Wageni wakaguna, wengine wakaulizia pilau. Yeye hakuwa na haraka. Akagonga, akasikiliza, akairudisha motoni. Mikono yake ilijua la kufanya. Mara ngoma ikaitika, ting!

Ndi! ndi! ndindindi!

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Bibi harusi akaushusha mguu wake, Kobe akakatika, Bwana Nyati akatifua vumbi. Kiboko mwenyewe alinuna kwa muda, kisha nyonga zikamshinda.

Ngoma ilipokwisha, Kuchakuro akamkimbilia Nungunungu, jasho linamtiririka.

"Fundi, umenionaje? Nimepiga kama wewe?"

"Sijui," akasema Nungunungu, anahema. "Sikukutazama. Nilikuwa nacheza."

Basi watoto, ukimpenda fundi, iga kwanza kazi yake; maringo hayana haraka.