Mama Kindi na Karanga Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Paukwa!
Pakawa!
Palihesabiwa!
Pakabaki!
Pakabaki nini?
Tega sikio, utamu kolea!

Hapo kale, porini, palikuwa na sheria moja mbaya. Ukivuna, Ngiri anakuja na meno yake yaliyopinda, anataja idadi ya mafungu. Mafungu yakilingana, chakula chako. Yasipolingana, chakula kina mkosi, na chenye mkosi anakula Ngiri peke yake. Alikula njugu za Panya zote. Alikula mtama wa Kwale wote. Mkosi, mkosi, kila siku mkosi!

Mama Kindi alikuwa na watoto watano, na kiangazi kimefika mlangoni. Akawaza: "Ngiri anajua kuhesabu mpaka kumi tu. Nitafute namba inayogawanyika kwa zote!"

Akachukua nane, maana nane ina mbili na nne tumboni. Akazidisha kwa tisa, maana tisa imebeba tatu. Akazidisha kwa tano. Akazidisha kwa saba, ile kaidi isiyo na ndugu. Sita na kumi zikaingia zenyewe bila kualikwa! Akapata elfu mbili mia tano na ishirini. Akahesabu karanga na maganda yake, chaka chaka chaka. Zilizozidi wakala watoto.

Ngiri akaja, gudu gudu gudu.

"Kindi! Mafungu saba!"

Chaka chaka chaka. Sawasawa!

"Nilikuwa natania. Mafungu tisa!"

Chaka chaka chaka. Sawasawa! Kwale akapiga vigelegele.

Ngiri akainama kama anayekagua, kisha akasema kwa shida, "Mafuu kumi!"

Chaka chaka chaka. Loo! Fungu la mwisho limepungua karanga moja. Moyo wa Mama Kindi ukapiga du!

"Mkofi!" akanguruma Ngiri.

"Subiri, Bwana Mkubwa. Tujaribu manane." Ikapungua moja. "Matano." Ikapungua moja. "Mawili." Ikapungua moja!

Mama Kindi akaruka juu kwa furaha. "Jamani! Tugawe tusigawe, inapungua moja ile ile! Namba yangu nzima, karanga ndiyo imetembea. Bwana Mkubwa, shavu lina nini?"

"Hino linauma."

"Mimi kazi yangu ni kuficha mashavuni, baba. Hebu tafuna tusikie!"

Ngiri akatoa macho. Akitafuna, ganda litalia kacha! Mama Kindi akamtekenya pua kwa mkia wake wa manyoya.

"Chyaaa!"

Karanga ikaruka, tup! ikatua kwenye fungu lililopungua.

"Kumbe mkosi unakaa shavuni!" akapiga kelele Panya, na wanyama wote wakamfukuza Ngiri. Mpaka leo akikimbia mkia wake husimama wima, kama anayeandika moja.

Basi watoto, funzo ni hili: kuhesabu mpaka kumi kunatosha kabisa, shule ya nini tena? Kama hamniamini, muulizeni Ngiri.

Hadithi yangu nimewagawia sawasawa, wala haikubaki hata moja.