Kiboko Aliyemjua Bingwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kikapu.

Kina nini ndani?

Hakina kitu. Hakina hata kitako.

Na nani wanakigombania?

Wote!

Basi ketini vizuri, nisimulie polepole. Hadithi ikikimbizwa hujikwaa.

Hapo kale wanyama walicheza mpira wa kikapu kwenye mchanga, kando ya mto. Vikapu viwili vya ukindu vilitobolewa vitako, vikafungwa juu ya miti miwili ya mikoche. Mpira ukidundwa, du-du-du. Ukiingia, chwaa!

Mwaka huo timu mbili zilifika fainali. Ya kwanza ilikuwa timu ya Ng'ambo, iliyokuwa na Twiga. Ya pili ilikuwa timu ya Bondeni, iliyokuwa na Swala. Atakayetangulia kushinda michezo mitatu ndiye bingwa.

Michezo ilichezwa asubuhi. Alasiri mashabiki walikwenda barazani kwa Mzee Nungunungu, muuza kahawa. Kacha-kacha, vikombe vikalia mkononi mwake. Na ubishi ukaanza.

"Huyo Twiga wenu hata haruki," alisema Nyani, shabiki wa Bondeni.

"Aruke aende wapi, na kichwa tayari kiko kikapuni?" alijibu Kanga, shabiki wa Ng'ambo.

"Urefu tu! Mnazi nao ni mrefu, mbona hamuusajili?"

"Ungekuwa wenu mngeusajili. Mna wivu nyie!"

Ni kweli walikuwa na wivu. Aliyefungwa alimwonea wivu aliyefunga, na aliyefunga alimwonea wivu aliyesifiwa zaidi yake.

Pale barazani palikuwa na kigoda kimoja tu. Wengine wote walikaa chini. Desturi yao ilikuwa hivi: kabla ya mchezo wa mwisho, kila mtu humtaja bingwa. Aliyejua ndiye hukalia kigoda mpaka fainali nyingine, na kikombe cha kwanza cha kahawa ni chake. Kama hakuna aliyejua, kigoda hubaki kwa aliyekuwa nacho.

Aliyekuwa nacho alikuwa marehemu Mzee Kindi, Mungu amrehemu. Mzee Kindi aliujua mpira. Alikikalia kigoda miaka mingi, mpaka kikalika upande mmoja, upande aliopenda kuegemea. Alipofariki, mjane wake, Bi Kindi, alikaa eda. Alipotoka eda alikwenda barazani, akakaa pale pale, akaegemea upande ule ule. Hakuna aliyemwambia neno.

Bi Kindi hakujua kitu kuhusu mpira wa kikapu. Alijua tu kwamba kigoda kile kikiondoka, hatakuwa na mahali pengine pa kuegemea.

Kiboko ndiye aliyekitaka. Kigoda chenyewe kisingetosha hata tako lake moja. Lakini alikitaka. Kiboko alikuwa na nguvu, alikuwa mlafi, sinia la kashata alilimeza pamoja na majani yaliyotandikwa chini. Na hapa nimpe haki yake: Kiboko aliujua mpira kuliko wote. Alishinda majini, macho juu, akiwatazama wachezaji wakifanya mazoezi tangu jua lichomoze.

Mchezo wa kwanza ukakaribia. Katika michezo ya mwanzo watu walibashiri kujifurahisha tu, mwenye kigoda akianza. Bi Kindi akasema, "Bondeni watashinda, Mungu akipenda."

Kiboko akasema, "Ng'ambo watashinda. Najua!"

Wakacheza. Du-du-du, chwaa! Ng'ambo wakashinda.

Kiboko akacheka, pfuu! "Umekosa, Bi Kindi!"

"Sikukosa, kaka. Nilisema Mungu akipenda. Hakupenda."

Wanyama wakatazamana. Wakatikisa vichwa taratibu.

"Kweli," alisema Kanga. "Hakupenda."

"Mpe Bi Kindi kahawa," alisema Nyani. "Masikini, timu yake imefungwa."

Kiboko akatazama kikombe kikipita mbele yake. Aliyepatia ni yeye. Kahawa kapewa mwingine. Wivu ukamwingia.

Mchezo wa pili. Bi Kindi akasema, "Ng'ambo watashinda, Mungu akipenda."

Kiboko akasema, "Bondeni watashinda. Twiga ameumia goti. Najua!"

Wakacheza. Du-du-du, chwaa! Bondeni wakashinda.

"Umekosa tena!"

"Sikukosa, kaka. Nilisema Mungu akipenda. Hakupenda."

"Mwanamke huyu hajawahi kukosa," alisema Nyani kwa heshima. "Kama marehemu mumewe."

"Mimi je?" akanguruma Kiboko. "Mimi nimepatia mara zote!"

"Wewe unapiga kelele tu, bwana," alisema Kanga. "Sogea, umechukua nafasi ya watu wanne."

Wivu ukampanda Kiboko hadi masikioni. Ndiyo maana masikio yake ni madogo na yanatikisika.

Ikawa hivyo hivyo mchezo wa tatu. Ikawa hivyo hivyo mchezo wa nne. Kiboko alipatia, Bi Kindi alikosa, na kahawa akapewa Bi Kindi. Timu zikawa sawa, mbili kwa mbili. Ukabaki mchezo mmoja tu, wa kumtoa bingwa.

Alasiri ile Bi Kindi hakunywa kahawa yake. Aliona jambo ambalo Kiboko hakuliona. Desturi inasema: aliyejua. Na kesho yake, mbele ya baraza nzima, Kiboko angesema "Najua!" kama kawaida yake, na ni kweli angekuwa anajua. Kigoda cha marehemu kingekwenda. Tena kingevunjika siku hiyo hiyo.

Akawa bado anawaza, Kiboko akaja, puu, puu, puu, akasimama mbele yake.

"Bi Kindi, nimekaa majini nimefikiri. Wewe mpira huujui."

"Siujui, kaka."

"Basi kinachokubeba ni lile neno lako. Mungu akipenda. Nalitaka."

Bi Kindi akainama. Kama kuna kitu kilipita usoni mwake, Kiboko hakukiona.

"Neno hilo ni la waja wote, kaka. Litumie tu."

"Nalitaka liwe langu peke yangu. Kesho usilitamke."

"Kaka Kiboko! Marehemu aliniachia vitu viwili tu, kigoda na neno. Ukinichukulia neno nitabaki na nini?"

Kadiri alivyokataa, ndivyo Kiboko alivyozidi kulitamani.

"Lete!"

"Nionee huruma."

"Lete, nimesema!"

Bi Kindi akajifuta macho. "Haya. Chukua. Lakini ulitamke kwa sauti, baraza yote isikie. Neno hili halinong'onwi. Na hapo ulipokuwa ukisema 'najua', uliache hilo. Kinywa kimoja hakibebi yote mawili."

Kiboko akaenda zake anaimba.

Kesho yake, kabla ya mchezo wa mwisho, Mzee Nungunungu alitaka kila mtu amtaje bingwa. Nyani akasema Bondeni kwa niaba ya wenzake, kama kawaida yake, na Kanga naye angewasemea wa Ng'ambo, ila sauti ilikuwa imemkauka kwa kushangilia tangu alfajiri.

"Bi Kindi?"

"Mimi sijui," alisema Bi Kindi.

Watu wakaguna. Kiboko akajaza kifua.

"Ng'ambo watashinda, MUNGU AKIPENDA!"

Ndege wakaruka mitini.

Wakacheza. Du-du-du. Swala akaruka, chwaa! Twiga akanyoosha shingo, chwaa! Ikawa sare mpaka mwisho mwisho kabisa. Kisha Twiga akaudondosha mpira kikapuni kama anayeweka yai kiotani. Ng'ambo bingwa!

Kiboko hakungoja. Aliwatangulia wote kurudi barazani, mchanga unatifuka, akamkuta Bi Kindi kigodani.

"Inuka, Bi Kindi! Nimepatia!"

"Kweli kaka, Ng'ambo wameshinda. Ila ulisema nani akipenda?"

"Mungu."

"Na amependa?"

"Amependa!"

"Basi aliyejua ni Yeye. Wewe ulikuwa unangoja kama sisi. Au kaka, kigoda cha aliyejua unakidai wewe badala yake?"

Wengine nao walikuwa wamekwisha kufika. Mzee Nungunungu akavibana vikombe visilie. Nyani akasogea mbali kidogo na Kiboko, asije akaguswa na radi.

"Si hivyo!" alisema Kiboko. "Mbona huyu Bi Kindi alikuwa anapewa kahawa?"

"Kahawa nilipewa," alisema Bi Kindi. "Kigoda sikupewa. Nilikikuta."

Mzee Nungunungu akaweka dele la kahawa chini. "Nyani alikosa. Kanga hakusema. Bi Kindi alisema hajui, na hiyo ni kweli. Kiboko alimwachia Mungu. Hakuna aliyejua. Kigoda kinabaki kwa mwenye nacho."

"Lakini nilijua!" Kiboko akalia. "Wallahi nilijua!"

"Ungesema," alisema Kanga kwa sauti iliyokwaruza.

Kiboko akarudi mtoni. Hadi leo huzama, akakaa chini kwa wivu, kisha huibuka, pfuu! Wengine husema anavuta pumzi. Mzee Nungunungu alisema anamalizia neno lake: nilijua.

Bi Kindi alipokea kikombe cha kwanza. Akaegemea upande ule uliolika. Akanywa polepole, na hakuna aliyemuuliza analia nini.

Hadithi yangu nimeitupia kikapuni. Kikapu hakina kitako, imewaangukia nyinyi. Mwenye kuiokota na aiokote.

Na funzo lake ni hili, watoto mlishike: ukilijua jambo kwa bidii yako, siku yake ikifika utapewa haki yako.

Mungu akipenda.